Eksi Mlangoni

Wanaomjua leo kwa suti yake ya kijivu na kiti chake cha safu ya pili katika Baraza la Mkoa hudhani alizaliwa na siasa mdomoni. Wanajidanganya. Mtu huyu alikuwa haongei. Manispaa ilimwajiri kwa sababu moja tu: aliweza kupiga mstari ulionyooka bila rula. Mwaka wa kwanza alipaka vivuko vya waenda kwa miguu. Mwaka wa pili aliandika USIEGESHE HAPA kwenye kuta ambazo mbele yake watu waliendelea kuegesha bila wasiwasi wowote. Mwaka wa tatu akapewa kazi iliyomharibia maisha, au iliyomtengenezea; ukimuuliza, jibu linategemea ameamkaje siku hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa eksi. Mkoa ulikuwa umepanga barabara ya mchepuo ili malori yasipite katikati ya mji, na wakubwa walipoiinamia ramani wakaona pa kuipitisha ni mahali pamoja tu: mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha matofali, ambao kila mtu aliuita Mtaa wa Nyuma. Nyumba mia tatu na kumi na mbili. Utaratibu ulisema nyumba ya kubomolewa iwekewe alama ya eksi mlangoni, nyekundu, rangi ya mafuta, urefu wa mkono mmoja, kisha namba yake iingizwe kwenye daftari. Wakampa kopo, brashi pana, na msimamizi aliyetembea na daftari kwapani na gazeti kichwani la kujikinga jua.

Alipaka siku nne. Hakuna aliyemtukana, na heri wangemtukana. Watu walitoka, wakasimama pembeni, wakamwangalia anavyoiharibu milango yao kwa mistari iliyonyooka vizuri, kisha wakaingia ndani. Mzee mmoja alimletea maji ya kunywa kwenye kikombe kisafi. Akayanywa huku anaona aibu, asijue aangalie wapi.

Siku ya tano asubuhi wakafika kwenye nyumba ya njia panda, kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Bibi wa Kona, aliyeishi na binti yake. Fundi akachovya brashi, akainua mkono, na mlango ukafunguliwa kwa ndani. Aliyetokea alikuwa mkunga wa zahanati, msichana wa rika lake, mikono ina povu la sabuni hadi viwikoni. Akamwangalia yeye, akaiangalia brashi.

"Subirini hapo," alisema. "Humu ndani kuna mtu anazaliwa."

Akafunga mlango. Wakasubiri. Msimamizi aliangalia saa mara nyingi kiasi kwamba saa yenyewe ingeona haya. Rangi ikawa inadondoka kutoka kwenye brashi, tone moja moja, juu ya kiatu cha fundi, naye hakuondoa mguu. Ndani wanawake waliongea kwa sauti ya chini, kisha wakanyamaza, kisha mtoto akalia. Msimamizi akasema haya, tumalize. Fundi akainua mkono tena, na mkono ukagoma. Nyumba ambayo mtu ameingia duniani dakika tano zilizopita, unaanzaje kuipiga eksi?

Msimamizi akauliza kama hawezi au hataki. Fundi akafikiri kidogo, maana alikuwa mtu mkweli, akajibu kwamba ni vyote viwili. Kisha akaitupa brashi mtaroni. Akaambiwa aiokote. Hakuiokota. Akaweka kopo chini taratibu lisimwagike, akaenda zake nyumbani, hana kazi.

Ndivyo ilivyokuwa, wala hapakuwa na jingine. Lakini Mtaa wa Nyuma hawakuridhika na hadithi fupi namna hiyo. Jioni ile ile brashi ilikuwa imempiga msimamizi usoni. Baada ya wiki kopo zima lilikuwa limemwagwa juu ya daftari. Baada ya mwezi fundi alikuwa ametoa hotuba. Mwanzoni alikanusha, halafu akachoka kukanusha. Jina likamganda: Brashi. Hata barua za benki zikawa zinamjia kwa jina hilo.

Kilichomuuma, na hakikuacha kumuuma, ni kwamba ushujaa wake haukuokoa hata mlango mmoja. Kesho yake manispaa ilileta fundi rangi mwingine, mwenye haraka na mistari iliyopinda, akazimaliza zote zilizobaki, ya Bibi wa Kona ikiwemo. Nyumba mia tatu na kumi na mbili, na eksi zake. Barabara haikuja mwaka ule, wala uliofuata; mpango ulikuwa unalala na kuamka, kila kikao cha Baraza la Mkoa mtu anautaja, watu wa Mtaa wa Nyuma wanashika roho mkononi, halafu unaahirishwa. Walikuwa wanaishi nyuma ya milango iliyohukumiwa.

Brashi akafungua kazi yake ya kupaka nyumba za watu. Akamuoa yule mkunga. Brashi alipomuuliza siku ile alimwonaje, mkewe alimjibu kwamba alidhani amepotea njia.

*

Kwenye siasa aliingizwa na mjomba wake. Mjomba alikuwa mkagua tiketi wa reli, mstaafu, mtu ambaye hawezi kuona karatasi bila kutaka kuitoboa, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la upinzani. Tawi lilikuwa na wanachama wanne, wawili wao hawasemezani. Chama tawala kilishika kila kitu mkoani, hadi funguo za ukumbi. Mwakilishi wa eneo lile katika Baraza la Mkoa alikuwa mkandarasi mmoja aliyeitwa Mzito, kwa mwili na kwa mkono, na kiti alikikalia kama kitu alichokinunua dukani pamoja na stakabadhi.

Mjomba alimweleza mpwa wake jambo moja tu. Kupaka au kutokupaka, alisema, ni kazi ya mkono. Lakini amri ya kupaka inatoka ndani ya kile chumba chenye viti thelathini na vitatu, na mradi humo ndani hayupo mtu wa kusema hapana, zitatupwa brashi elfu na nyumba zitaanguka vilevile. Brashi alikaa na maneno hayo wiki nzima. Kisha akajaza fomu.

Kampeni ya kwanza ilikuwa raha tupu. Alikuwa hajui kuhutubia, kwa hiyo alipita nyumba kwa nyumba, na palipokuwa na ukuta wa kupakwa aliupaka huku anaongea. Mtaa wa Nyuma walimpokea kama kijana wao aliyetoka masomoni. Akina mama walimkumbatia, wazee walimshika mkono hawauachii. Mjomba alipiga hesabu kwenye mgongo wa tiketi za zamani, akasema huko kwingine tutagawana, lakini Mtaa wa Nyuma ni wetu kura zote, labda wagonjwa.

Matokeo yakaja. Huko kwingine waligawana kweli. Mtaa wa Nyuma: Mzito kura mia sita na kumi na moja, Brashi arobaini na nane.

Mjomba aliomba yasomwe tena. Yakasomwa tena, hayakubadilika. Brashi alirudi nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake. Alivunjika moyo vibaya sana. Angeshindwa na wageni angesema sawa, lakini wale? Waliomkumbatia? Akaamini wamenunuliwa. Kwa miezi miwili alipita Mtaa wa Nyuma macho mbele, salamu haitoi wala haipokei, na kazi za mtaa ule akawa anazikataa. Mkewe, aliyekuwa akiingia nyumba zile kila siku kuzalisha, alimwambia kuna kitu hakijakaa sawa, kwa sababu kule ndani kila mtu anasikitika kwamba ameshindwa. Brashi alimjibu kwamba hata mwizi husikitika.

Ikabidi Bibi wa Kona aje mwenyewe. Alikuja na fimbo na hasira, akaketi bila kukaribishwa.

"Mjukuu wangu, nasikia umetununia."

"Shikamoo, Bibi. Mmenipa kura arobaini na nane."

"Arobaini na nane zipi? Mtaa mzima tumempiga yule eksi. Mimi nimeikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Na binti yangu hivyo hivyo, na jirani, wote. Tumemfuta kabisa."

Brashi alimkodolea macho. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeagiza, na maagizo yalibandikwa kila ukuta, kwamba mpiga kura aweke alama ya eksi mbele ya picha ya yule anayemtaka. Maagizo kila mtu aliyaona. Lakini mtaa ule haukuhitaji tume iwafundishe maana ya eksi. Waliijua. Walikuwa wanaifungua asubuhi na kuifunga jioni.

"Bibi," alisema polepole, "eksi ilitakiwa mniwekee mimi."

Bibi wa Kona alimtazama kama anayemtazama mtu mwenye homa.

"Wewe? Wewe uliyekataa kutupiga sisi, ndiyo tukupige wewe?"

Brashi akaanza kucheka. Alicheka hadi akaegemea ukuta, na kicheko kikageuka kilio, na mkewe akatoka jikoni akawakuta wawili hao, mmoja analia na mwingine anamuuliza kama nyumba hii ina wazima. Siku ile ile alikwenda Mtaa wa Nyuma, mlango hadi mlango, akaomba radhi kwa kila aliyemnunia. Hajawahi kupenda watu kama alivyowapenda siku hiyo. Walikuwa wamemkosesha kiti kwa sababu wanampenda.

*

Unaweza kudhani basi, ugonjwa umejulikana, dawa ni kueleza. Ndivyo Brashi alivyodhani. Kampeni ya pili, miaka mitano baadaye, aliieleza eksi hadi sauti ikamkauka. Alibeba karatasi kubwa ya mfano, akasimama kila kona, akauliza mnaweka nini, wakajibu eksi, mnamwekea nani, wakajibu wewe. Walielewa. Hakuna asiyeelewa. Mjomba alikuwa na furaha hata akawasemesha wale wanachama wawili wakapatana.

Halafu mtu akaingia peke yake kwenye kituturi cha kupigia kura, akaiona ile sura iliyokataa kumchafulia mlango, kalamu mkononi, na mkono haukwenda. Mmoja baada ya mwingine. Waliweka tiki. Waliweka duara. Mtu mmoja alichora ua zuri lenye majani mawili. Mwingine aliandika pembeni ya picha: Mungu akulinde. Tume ilikuwa imesema alama nyingine yoyote, kura imeharibika, na msimamizi wa uchaguzi, mtu mwadilifu asiyejua kupinda, alizionyesha zile karatasi moja moja huku uso umemshuka, akaziweka kwenye rundo la kura zilizoharibika. Mia nne na tisa. Brashi alishindwa kwa kura tisini na moja.

Mzito alishukuru kwa kipaza sauti, akaongeza kwamba chama chake kitawaanzishia watu wa Mtaa wa Nyuma madarasa ya kuandika. Watu wake walicheka sana. Brashi aliyasikia maneno hayo akiwa kwenye ngazi za ukumbi, na damu ilimchemka, si kwa ajili yake, kwa ajili ya yule aliyechora ua.

Baada ya hapo ilikuwa miaka ya maji ya shingo. Makao makuu ya chama waliandika barua kwamba safari ijayo watamleta mhadhiri wa chuo agombee badala yake. Mjomba aliwajibu kwa barua ya kurasa tisa, akaitoboa kila ukurasa, na hawakuandika tena. Mkewe naye alikuwa na la kusema, akalisema mezani, bila kupandisha sauti: mara ya tatu na ya mwisho. Akishindwa, arudi kupaka nyumba za watu, wawe wanakula pamoja kama binadamu wengine. Brashi akakubali. Alijua mkewe hana tabia ya kusema jambo mara mbili.

Na mara hiyo ya tatu mambo hayakuwa ya mzaha. Barabara ya mchepuo ilikuwa imepata kila kibali. Tingatinga mbili zilikuwa zimeshaegeshwa nyuma ya kiwanda, zimefunikwa turubai. Kura ya mwisho ingepigwa katika kikao cha kwanza cha Baraza jipya, na safari hii upinzani ulikuwa umepata nguvu mkoa mzima. Waliojua kuhesabu walisema viti vitakuwa kumi na sita kwa kumi na sita, na kiti cha thelathini na tatu ni hiki cha huku. Kwa maneno mengine, nyumba mia tatu na kumi na mbili zilikuwa zinaning'inia kwenye mkono wa Bibi wa Kona ndani ya kituturi.

Wiki tatu kabla ya kura Brashi alikuwa ameshika tama mezani, karatasi ya mfano mbele yake. Mkewe alikuwa anafua makoti ya zahanati. Akamuuliza anawaza nini. Akamwambia hajui awaeleze namna gani tena.

"Wewe unadhani hawaelewi," mkewe alisema. "Wanaelewa kuliko wewe. Ni mwili unaokataa. Mimi kila siku namwambia mama sukuma, anasema sawa, na mwili umejifunga. Ukimpigia kelele unajifunga zaidi. Mpaka ukae naye, ashike kitu, afanye kwa mikono yake, ndiyo mwili unakubali."

Akaendelea kufua. Jumamosi asubuhi Brashi alikwenda dukani akarudi na kopo la rangi nyekundu ya mafuta.

Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa Mtaa wa Nyuma, upande wa pili wa njia, nje ya ramani kwa hatua chache tu. Haikuwa na alama. Na utaratibu ulikuwa haujabadilika: nyumba yenye eksi ni nyumba ya kubomolewa, inaingizwa kwenye daftari, basi. Hapakuwa na kifungu kinachouliza nani aliyepaka. Brashi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alimweleza mkewe kwa ukamilifu, hakumficha kitu, kwamba akishindwa wataipoteza nyumba. Mkewe aliiangalia nyumba. Alikuwa amezalia humo watoto wawili. Aliiangalia kwa muda.

"Ngoja nianue nguo kwanza," alisema. "Zisirukiwe."

Watu walishaanza kukusanyika, maana Brashi na kopo jekundu mtaani kwao halikuwa jambo dogo. Brashi alichovya, akainua mkono. Miaka kumi na miwili alikuwa hajapiga alama hiyo. Akapiga mstari wa kwanza. Akapiga wa pili. Yeye, aliyeajiriwa kwa sababu ya mistari yake, akapiga eksi iliyopinda kama ya mtoto wa chekechea. Mama mmoja akajifunika uso kwa kanga.

Akageuka. "Hii nimejipiga mwenyewe," alisema. "Sikulazimishwa. Nimechagua kukaa upande wenu. Wao walizitumia kuwafukuza. Mimi nataka mnipe yangu, mnipe kwa mikono yenu, niingie nayo mle ndani." Akanyoosha brashi mbele.

Mjomba akaanza kukohoa kwa wasiwasi. Kisha fimbo ikasikika. Bibi wa Kona alipita katikati ya watu, akaikagua eksi ya mlangoni kwa karibu, pua inakaribia kugusa rangi.

"Imepinda," alisema. "Lete hapa."

Akamnyang'anya brashi. Akamkabidhi fimbo. Akasogea hatua moja kushoto, akapiga eksi yake ukutani, kwa nguvu, mistari miwili mikubwa, na rangi ikamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Akarudi nyuma akaitazama. Akawa analia na huku anatabasamu, haoni haya. Nyuma yake alishafika binti yake, anadai brashi. Nyuma ya binti yake jirani. Nyuma ya jirani, mstari.

Walipaka siku nzima. Kopo lilipokwisha mtu alileta jingine, na lilipokwisha hilo watu wa kiwanda walileta vumbi la matofali wakalikoroga na maji. Wengine walianza kwa woga, eksi ndogo ya pembeni, halafu wanaomba kurudia. Wazee walishikwa mikono. Watu walichekana: yako inafanana na miguu ya kuku, na yako je, umepaka au umepigana? Fundi wao alipita nyuma akirekebisha namna ya kushika brashi, anasifu, anawatania, maneno yanamtoka kama maji. Kufika saa kumi jioni nyumba ilikuwa nyekundu kutoka msingini hadi chini ya paa, eksi juu ya eksi, na mkewe alikuwa ndani anakunywa chai, amefungua dirisha ili awasikie.

Jumatatu manispaa wakaja na daftari. Nyumba ikaandikwa, namba mia tatu na kumi na tatu, na karatasi ya notisi ikabandikwa mlangoni. Mzito alizunguka mji mzima na gari la matangazo, anasema mpinzani wake amemaliza akili, amejibomoa mwenyewe, sasa chagueni mtu mwenye nyumba. Aliifurahia sana sentensi hiyo. Aliirudia hadi siku ya mwisho.

*

Kura zilipigwa Jumapili, na Jumatatu saa nne asubuhi wagombea waliitwa ukumbini kusikiliza. Brashi alivaa shati jeupe. Mjomba hakuweza kukaa. Mzito alikuja na watu wake na maua ya kujipongeza. Mkunga alikuja na sare, ametoka zamu, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango.

Msimamizi wa uchaguzi alisoma kituo baada ya kituo, sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Hadi vituo vinane Mzito alikuwa mbele kwa kura mia mbili na tisini na tano. Kikabaki cha tisa, Mtaa wa Nyuma. Hapo yule mtu asiyejua kupinda akatua karatasi. Alisema kwamba kwa kuwa kituo hiki kilikuwa na matatizo miaka iliyopita, sheria inamruhusu kuwaonyesha wagombea kura zenyewe, na angependa wazione.

Akafungua sanduku mezani. Karatasi ya kwanza, eksi. Ya pili, eksi. Eksi zilizopinda, eksi zilizotoboa karatasi, eksi zenye miguu ya kuku, kubwa, ndogo, za mkono uliotetemeka na za mkono uliokasirika, zote kwenye kisanduku kimoja, mbele ya sura moja. Brashi alizijua. Karibu kila moja alishaiona ukutani kwake. Alipitisha vidole juu ya zile karatasi na akashindwa kuendelea kuangalia, macho yamemjaa.

"Mgombea wa chama tawala, kumi na tisa," alisoma msimamizi. "Mgombea wa upinzani, mia saba na mbili. Zilizoharibika, hakuna." Akavua miwani, akaifuta. "Hakuna hata moja," alirudia, ingawa utaratibu haukumtaka arudie.

Nje watu walishasikia. Kelele zao zilifika zahanati. Mjomba alimkumbatia msimamizi wa uchaguzi, jambo ambalo haliruhusiwi, kisha akamkumbatia Mzito kwa bahati mbaya. Mzito alibaki na maua yake, hajui ayaweke wapi, mpaka mkunga alipomfikia akayapokea kwa adabu na kumshukuru. Kisha akamgeukia mumewe.

"Haya, mheshimiwa," alisema. "Mkono haujakuuma?"

Alikuwa hajamwita hivyo hata siku moja, hata kwa utani. Brashi alimshika mkono hapo hapo mbele ya tume nzima, na hakuuachia hadi walipofika nyumbani.

Kikao cha kwanza cha Baraza kilikaa wiki iliyofuata. Alivaa suti ya kijivu ya kuazima. Hoja ya kuifuta barabara ya mchepuo ilikuwa yake, na hotuba yake ilikuwa rahisi kuliko zote zilizowahi kutolewa mle ndani: alitaja namba za nyumba, kuanzia moja hadi mia tatu na kumi na tatu, na kila namba akasema nani anaishi humo. Aliwajua wote bila karatasi. Upande wa pili walianza kwa kuguna, wakaishia kunyamaza. Spika akasema wanaokubali wasimame. Wakasimama, na kule juu kwenye viti vya wageni Mtaa wa Nyuma wote nao wakasimama, kukawa hakuhesabiki. Spika akawaamuru wakae. Hawakukaa. Ikabidi wajumbe waitwe kwa majina, mmoja mmoja, na jina la mwisho lilikuwa la Brashi.

Kumi na saba kwa kumi na sita. Mpango umefutwa.

Kesho yake aliamshwa na nyundo. Kwanza moja, mbali, upande wa njia panda. Kisha mbili, kisha zikawa nyingi hazihesabiki. Alitoka nje na fulana. Asubuhi ilikuwa safi, jua ndiyo linapanda, na Mtaa wa Nyuma wote ulikuwa juu ya mapaa. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyegongelea msumari, kwa kuwa nani anatengeneza nyumba ya kubomolewa? Mabati yalitoboka wakaweka ndoo chini yake. Dirisha lilivunjika wakaziba kwa gunia. Sasa watu walikuwa wanang'oa, wanapima, wanapitishiana mbao kwa kamba, wanagombana nani ameazima msumeno wa nani, na mama mmoja alikuwa amekaa juu ya kenchi ya paa, kinywa kimejaa misumari, anamwelekeza mumewe kwa vidole.

Brashi alisimama njiani akawasikiliza. Alirudi ndani, akaitoa ngazi yake uvunguni, akamwita mkewe waishike pande mbili. Saa mbili ilipofika alikuwa juu ya paa la Bibi wa Kona, anabandua bati lililooza, na Bibi amesimama chini na fimbo yake, anamwambia hapo kushoto, mjukuu wangu, hapo ndipo panapovuja.